Mikono ya Ilula

Kwa abiria wengi wa barabara kuu ya kwenda Zambia, Ilula ni nyanya. Basi likipunguza mwendo tu, ndoo na mabeseni yanainuliwa hadi usawa wa madirisha, bei zinatajwa kwa kupokezana, konda anapiga bodi kuwahimiza watu, na safari inaendelea kuelekea Iringa mjini. Mimi nilishuka. Nilikuwa nimekwenda kuiangalia mikono inayoinua ndoo hizo.

Kazi yangu ni fiziotherapia, jijini Dar es Salaam. Wanaoniletea matatizo ya mikono ni makarani, mafundi cherehani, wapishi, vijana wa bodaboda walioanguka na akina mama wanaofulia watu nguo. Hao nimewazoea. Lakini muuguzi mmoja, mwenzangu kazini, mzaliwa wa Ilula, alikuwa hachoki kunichokoza. Kwao, alisema, yupo mama yake mzazi ambaye hajafungua hata ukurasa mmoja wa kitabu cha anatomia, ila barazani pake watu hawakatiki, hasa nyanya zinapoiva. "Wewe una kitanda cha umeme na bango la misuli ukutani," aliniambia. "Mama ana kigoda na mafuta. Njoo umwone, halafu unieleze nani kati yenu anajua kuchua." Likizo zetu zilipolingana tukakata tiketi.

Tuliondoka alfajiri katika kituo cha Magufuli, Mbezi. Morogoro nilikuwa naifahamu. Kutoka hapo kwenda mbele kila kitu kilikuwa kigeni kwangu. Kiti cha jirani alikaa mama kijana na mtoto wa miezi michache. Kila alipomnyanyua mtoto kwa kumtia mikono makwapani, alikunja uso na kuuma mdomo. Nilishindwa kunyamaza, nikamuuliza.

"Dada, tangu nijifungue mkono huu hauniachi," alisema, akinionyesha upande wa kidole gumba, pale kinapoungana na kifundo cha mkono. "Wananiambia ni baridi iliingia wakati wa uzazi."

Nilimwomba akifiche kidole gumba ndani ya ngumi, kisha aipinde ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Hakufika mbali. Kano mbili zinazokivuta kidole gumba nje hupita ndani ya ala moja nyembamba pembeni mwa kifundo. Ala hiyo ikinenepa, kano hupita kwa tabu. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na wanaonyonyesha ni miongoni mwa wanaoupata sana, kwa kuwa siku nzima wanamnyanyua mtoto huku kidole gumba kimetanuliwa. Nilimwonyesha namna ya kumchota mtoto kwa viganja vilivyotazama juu, kimoja chini ya makalio na kimoja mgongoni, vidole gumba vikiwa vimetulia kando ya vingine. Kisha nikamkanda misuli ya kigasha, nusu ya juu karibu na kiwiko, nikiiacha ile ala yenyewe bila kuibonyeza. Ala iliyokasirika haipendi kuguswa. Hadi tunaingia Mikumi mtoto alikuwa amelala na mama yake alikuwa akijaribu kumshika kwa mtindo mpya, akicheka mwenyewe.

Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na mwendo hapo ni wa sheria, maana kumgonga mnyama kuna faini yake. Abiria wote walihamia upande wa twiga. Baada ya mji wa Mikumi joto lilizidi, mibuyu ikaanza kuonekana, na tulipofika Ruaha Mbuyuni vitunguu vilikuwa vimerundikwa kando ya lami. Kisha ukaja mlima Kitonga. Basi lilinguruma nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwenzangu alilala usingizi mzito katika kipande hicho, kama afanyavyo mtu aliyezaliwa juu yake. Mimi nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili hadi tulipotokea juu, upepo ukabadilika, na mashamba yakaanza.

Ilula imo katika wilaya ya Kilolo, chini kidogo ya kilomita 50 kabla ya Iringa mjini. Tuliposhuka, nilichokiona kwanza ni matenga: marundo ya matenga matupu ya fito na mbao nyembamba yakisubiri mzigo, na vijana wakigongomea misumari kwenye yaliyokwisha kujaa. Mwenzangu alikuwa amenifundisha salamu ndani ya basi. Mama yake alipotokea mlangoni nikawahi: "Kamwene!" Akaitikia "Kamwene" kwa furaha, akaongeza maneno ya Kihehe ambayo yalinipita, nami nikarudi haraka kwenye uwanja wangu: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pumzika kwanza, mikono ya watu haikimbii."

Nilitegemea kukaa naye barazani kesho yake. Badala yake aliniamsha mapema, akanikabidhi kwa mwanawe wa kiume na kuamuru niende naye shambani. "Ukae huko hadi jua likuchome," alisema. "Ukirudi ndipo tuzungumze habari za kuchua."

Kaka yule analima nyanya katika kinyungu, yaani bustani ya bondeni ambayo watu wa Iringa huilima kwa unyevu unaobaki mvua zikishakwisha. Nyanya inataka mikono kuliko mazao mengi. Miche inahamishwa kwa mkono, miti ya kuegemea inasimikwa kwa mkono, kila shina linafungwa kamba, vichipukizi vinakatwa kwa kucha, na tunda linachumwa moja moja. Nilisimama kwenye tuta nikiangalia watu wakifanya kazi, na kila kazi ilinionyesha sehemu yake ya mkono.

Kijana mmoja alikuwa na bomba la kupulizia dawa mgongoni, lile la lita kumi na tano hivi. Mkono wa kulia umeshika mrija. Wa kushoto unasukuma mpini juu na chini, juu na chini, bila kupumzika hadi bomba liishe. Ili ngumi ishike mpini kwa nguvu, misuli inayoinua kifundo cha mkono lazima ikaze pia, la sivyo kifundo kingekunjika. Misuli hiyo inajishikiza kwenye ncha ndogo ya mfupa upande wa nje wa kiwiko. Mtu akisukuma bomba asubuhi na kulima kwa jembe mchana, ncha hiyo ndiyo inayobeba gharama. Vitabu vyetu vinakiita kiwiko cha mcheza tenisi. Ilula sikuona kiwanja cha tenisi, ila viwiko hivyo nilivikuta.

Waliokuwa wakifunga kamba walitumia kidole gumba na cha shahada, wakisokota na kukaza, kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Wachumaji walizungusha kifundo ili tunda likatike kwenye kikonyo chake bila kuchubuka. Kisha wakaja wapakiaji. Tenga lililojaa hunyanyuliwa na watu wawili, vidole vimepenyezwa kati ya fito, uzito wote ukining'inia kwenye kano za vidole. Mmoja wao alinionyesha kidole chake cha pete ambacho kila asubuhi hugoma kukunjuka, kisha hufunguka ghafla kwa mlio. Kano yake imeota uvimbe mdogo unaokwama mlangoni mwa ala, chini kidogo ya shina la kidole, upande wa kiganja.

Nilijaribu kusukuma bomba lenye maji matupu. Kabla sijamaliza tuta la pili kigasha changu kilikuwa kinawaka, na kaka yule alinipokea mpini bila kusema neno, lakini kicheko chake nilikiona.

Alasiri ndipo baraza lilipofunguka. Vifaa vyote vilikuwa juu ya mkeka: kigoda, beseni la maji ya moto yenye chumvi, kipande cha sabuni ya mche, vitambaa viwili, chupa ya mafuta ya alizeti na nyingine ndogo ya mafuta ya nyonyo. Wa kwanza kuja alikuwa yule kijana wa bomba. Mama hakumgusa. Alimpa kwanza kikombe cha maji, kimejaa hadi ukingoni, akamtazama anavyokipokea. Kijana alinyoosha mkono wa kushoto, akasita, akapokea kwa wa kulia.

"Umepulizia au umebeba?"

"Nimepulizia, bibi. Juzi na leo."

"Nenda kanawe. Hadi juu ya viwiko. Na sabuni."

Kwa sabuni hiyo nilimpigia makofi moyoni. Viuatilifu hupenya ngozi, na kumpaka mtu mafuta na kumsugua juu ya mabaki ya dawa ni kumsaidia kuimeza kwa mlango mwingine. Mama alieleza kwa njia yake: siku moja, baada ya kumchua mpuliziaji, mikono yake mwenyewe ilimwasha usiku kucha. Tangu hapo hamgusi mtu ambaye hajanawa.

Alikiweka kiwiko cha kijana juu ya khanga iliyokunjwa kwenye goti lake, akakifunika kigasha kwa kitambaa cha moto, akaendelea kumuuliza habari za nyumbani. Kitambaa kilipopoa alikitoa na kumimina mafuta kidogo kiganjani mwake. Alianza kwa kupapasa: kiganja kizima, kutoka kifundo cha mkono kwenda juu kupita kiwiko, polepole, uzito ukiongezeka kidogo kila mara. Huko juu hakuishia kiwikoni. Alifika begani, akaubonyeza msuli wa kati ya shingo na bega, akarudi chini. Ngozi ilipopata moto akaanza kufinya, msuli ukiwa kati ya kidole gumba na vidole vinne, akiunyanyua kutoka kwenye mfupa na kuuachia. Mahali fulani chini ya kiwiko vidole vyake vilisimama. Palikuwa na utepe mgumu ndani ya msuli. Akaweka kidole gumba pale, akatulia bila kusugua, akisubiri. Kijana alivuta pumzi, akaishikilia, kisha mabega yake yakashuka. Ndipo mama akasogea kwenye ile ncha ya mfupa na kusugua kwa kukatisha kano, kwenda na kurudi, sehemu ndogo kama ukucha. Akamalizia kiganjani: vidole gumba vyake viwili vikianzia katikati na kutanua kwenda pembeni, kisha kila kidole cha kijana kikavutwa taratibu, bila kuvunjwa mlio.

Hayo yote nilifundishwa darasani, na kila hatua na jina lake. Majina ya Kifaransa ya kupapasa, kufinya na kusugua yalienea Ulaya katika karne ya 19, na mara nyingi sifa hiyo hupewa Johan Georg Mezger, daktari wa Amsterdam. Kusugua kwa kukatisha kano kulitangazwa na Mwingereza James Cyriax wa hospitali ya St Thomas' mjini London. Habari za vifundo vya msuli vinavyotuma maumivu mbali ziliandikwa kwa kina na Janet Travell, ambaye alikuwa daktari wa Rais Kennedy wa Marekani. Mama hajamsikia hata mmoja wao. Alifundishwa na shangazi yake, ambaye alichua wanawake waliojifungua na wanaume waliotoka kulima, na vidole vyake vilifika mahali pale pale.

Tulipotofautiana ni juu ya sababu. Yeye husema mshipa umejikunja naye anaunyoosha. Nilimweleza kwamba hakuna kilichojikunja. Mguso wenye uzito na joto hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na habari hizo huziba njia ya maumivu. Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika nadharia hiyo mwaka 1965. Msuli unalegea, damu inapita vizuri, mtu anapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya saa kadhaa, pengine siku kadhaa. Haiponyi kano iliyochakaa, maana kano hujijenga kwa kupumzishwa kwanza, kisha kupewa mzigo mdogo unaoongezwa taratibu.

"Kwa hiyo unaniambia kazi yangu ni bure?" aliniuliza.

"Hapana mama. Nasema kesho asubuhi atabeba bomba tena."

Alinyamaza kidogo, akamgeukia kijana. "Umesikia? Kesho mpini uuhamishie kulia. Bomba moja kushoto, bomba moja kulia. Na likiisha upumzike, usikimbilie kujaza." Kijana akasema mabomba mengine mpini haugeuki. "Basi mpokezane na mwenzio." Baadaye nilimfundisha zoezi: kukiweka kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kushika chupa ya maji ya nusu lita, kuinua kifundo kwa msaada wa mkono mwingine na kukishusha polepole bila msaada. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakizidi hadi kesho yake, maji yapunguzwe.

Mteja wa pili ni mwanamke anayechambua nyanya kando ya barabara, kubwa huku, ndogo kule, zilizopasuka pembeni. Kikombe alikipokea vizuri. Shida yake ni usiku: anaamshwa na ganzi na kuchomachoma, anakaa kitandani akikung'uta mkono hadi utulie. Vidole gani? Gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Cha mwisho kizima. Nilijua ninachokitafuta. Nilimwomba akutanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, akae hivyo dakika moja. Nusu ya dakika haikufika, ganzi ikaja.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba yenye mifupa chini na utepe mgumu juu. Ndani yake zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi, au mwili ukijaa maji wakati wa mimba, au mtu akiwa na kisukari, anayebanwa ni mshipa wa fahamu, kwa kuwa ndiye laini. Usiku tunalala tumekunja kifundo, nafasi inazidi kupungua. Hapa nilimwomba mama ruhusa ya kusema jambo moja: asibonyeze pale katikati ya kifundo. Kilichobanwa hakihitaji kubanwa tena. Akande kigasha kwa kushuka na kupanda, alegeze nyama ya shina la kidole gumba, atanue kiganja, basi.

"Na usiku?" aliuliza mwanamke.

Usiku kifundo kikae kimenyooka. Mjini ningemwandikia kifaa cha kununua. Kaka yule alikwenda kwenye rundo la matenga, akarudi na ubao mwembamba wa urefu wa kutoka katikati ya kigasha hadi mwanzo wa vidole. Akauparuza kingo kwa panga, tukauzungushia kitambaa cha pamba, tukaufunga kwa bandeji upande wa kiganja, vidole vikiwa huru. Mwanamke aliugeuza mkono huku na huku, akasema mumewe ataogopa kulala naye. Banzi hilo, likivaliwa kila usiku kwa majuma kadhaa, huwasaidia wengi ambao ugonjwa wao haujakomaa. Nilimwambia pia dalili ya kumpeleka hospitali bila kuchelewa: akiona nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kunywea, au vitu vinamponyoka.

Jua lilikuwa linateremka alipoletwa mtoto wa kiume aliyedondoka kutoka juu ya mpera. Alikuwa ameukumbatia mkono wake, kiwiko kimevimba. Baba yake alikuwa amekwisha kuweka noti mkekani. Nilijiandaa kusema, nikakuta sina haja.

"Huu sichui," mama alisema. "Chukua hela yako. Umevimba, haukunjuki, na ni mtoto. Pandeni bodaboda mwende hospitali wakapige picha."

Baba alisihi, wengine, alisema, wangemchua. Nikaingia hapo kumsaidia mama. Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu, na mfupa wa mtoto ukivunjika juu tu ya kiwiko unaweza kuubana. Nilivitazama vidole: vilikuwa na joto, kucha zikirudi rangi haraka baada ya kubonyezwa, na aliweza kuvichezesha. Tuliufunga mkono kwa khanga kama ulivyokuwa, bila kuunyoosha, wakaondoka kwenda Hospitali ya Ilula, ile ya KKKT. Katika kazi yangu nimewapokea watoto waliochuliwa kwa nguvu baada ya kuanguka. Msuli uliojeruhiwa karibu na kiwiko, ukisuguliwa, unaweza kuota mfupa ndani yake, na kiungo kikakauka kikiwa nusu kimekunjwa. Mtoto wa namna hiyo unamfanyisha mazoezi kwa miezi na bado hafiki mdomoni na kijiko.

Usiku, baada ya ugali, tulizungumza kwa urefu. Nilitaka kujua alijifunzaje kukataa. Shangazi yake, alisema, hakukataa mtu, na kijiji kilimsifu kwa hilo hadi siku ya msichana mmoja ambaye mkono wake ulibadilika rangi. Hakuendelea na kisa hicho, nami sikumchimba. Nilimwongezea wengine wa kuwakataa. Mtu mwenye ganzi kidole cha mwisho, na kamba nene inayoshikika nyuma ya kiwiko, na baka kwenye ngozi lisilohisi hata ncha ya jani: huyo apelekwe kupimwa ukoma, ambao unapona na dawa zake hutolewa bure, ila ukicheleweshwa vidole hujikunja moja kwa moja. Mtu aliyelegea mkono ghafla, mdomo ukaenda upande: hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani. Maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kubanwa kifua ni ya moyo hadi daktari aseme vinginevyo.

"Lakini ujue kwa nini wanaanzia kwangu," alisema. "Huko kwenu mtu anasema mkono unauma, anaandikiwa vidonge, anaondoka. Hakuna aliyeushika."

Nilitafuta jibu. Mwenzangu, ambaye ni wa huko kwetu, alikuwa anatazama moto. Ni kweli. Uchunguzi wa mkono unataka dakika nyingi na vidole vya mchunguzi, navyo vyote ni adimu penye foleni. Mama anajua kila anayekaa kwenye kigoda chake analima wapi, bomba ni la nani, tenga hubeba na nani. Ile "Umepulizia au umebeba?" inafanya kazi ya nusu ya maswali yangu. Kukanda bila kuijua kazi ya mkono ni kumpunguzia mtu maumivu ili akajiumize tena. Nilikuwa nikilifahamu hilo kwa vitabu, lakini ilibidi nisukume bomba ndipo niseme kwa yakini ni tuta la ngapi linaloanza kuunguza. Binti yake naye alimkumbusha jambo lake: kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na anayetoa tiba asili anatakiwa kusajiliwa. Mama alisema ataliangalia nyanya zikipungua.

Siku zilizofuata tuliketi pamoja, yeye mkono mmoja, mimi mwingine. Ndipo aliponikamata. Nilikuwa nambonyeza mpakiaji mmoja, akaacha yake akaninyooshea kidole.

"Mwanangu, kidole gumba chako kimepinda nyuma. Kinauma?"

Kinauma, tena si kidogo. Ni ugonjwa wa kazi kwa wachuaji na wataalamu wa fiziotherapia, viungo vya shina la kidole gumba vikichakaa kabla ya umri. Alinionyesha namna yake: kisigino cha kiganja kwa misuli mikubwa, ngumi iliyolegea kwa kigasha, hata kiwiko chake mwenyewe begani pa mtu, uzito ukitoka mwilini kwa kuinama badala ya kutoka kidoleni. Kidole gumba alikitunza kwa kutafuta tu, kikishapata aliegemeza vidole viwili vya mkono wa pili juu yake. Kisha akanikalisha kwenye kigoda. "Leo mgeni ndiye atakayepona," alisema, akamimina mafuta.

Nilipotaka kumlipa alikataa. Alitaka karatasi. Niandike kwa Kiswahili, kwa herufi za mashine, mikono yote isiyotakiwa kuchuliwa, aibandike ukutani barazani. "Nikikataa mimi wanasema nimezeeka. Wakikuta imeandikwa watakubali."

Nilipofika Iringa mjini niliitafuta steshenari moja, nikachapisha ukurasa: aliyeanguka akavimba au kupinda mkono, kiwiko cha mtoto, kwa namna yoyote, mkono wenye moto, wekundu au usaha, na mwenyewe ana homa, ganzi yenye baka, nyama iliyonywea, mkono uliolegea ghafla, mkono wa kushoto na kifua. Chini nikaongeza sabuni, banzi la usiku na kupokezana bomba. Nilimpa konda wa gari la Ilula aupeleke. Jioni yake simu ikalia. Karatasi imefika, mama alisema, ila herufi ni ndogo, bila miwani hazisomeki, na tena sikuandika popote habari za kidole gumba cha mchuaji. Nikarudi steshenari.